Kupasuka kwa Tumba: Pamba ya Imbo na Bujumbura

Pamba ya Burundi hulimwa zaidi Imbo, uwanda wa chini unaofuata mto Rusizi na ufuko wa Ziwa Tanganyika, na njia yake ya kwenda sokoni hupitia Bujumbura. Utawala wa Kibelgiji ndio uliolieneza zao hili, mara nyingi kwa kuwalazimisha wakulima. Mwaka 1947 ikaundwa COGERCO, shirika lililonunua pamba na kuichambua, yaani kutenganisha nyuzi na mbegu.

Kazi hiyo yote ilisubiri tumba, yaani tunda la pamba, lipasuke. Pamba hupandwa wakati wa mvua za mwisho wa mwaka ili matumba yafunguke kiangazi, kuanzia Juni. Mvua ikilikuta tumba lililo wazi, nyuzi huchafuka na bei hushuka.

Tumba likiwa changa, homoni ya auksini inayotoka kwenye mbegu husaidia kulikuza. Likikomaa, auksini hupungua na gesi ya ethilini huongezeka. Seli za kwenye mishono ya ganda hulegea, ganda hukauka na kujikunja kwa nje, kisha vyumba vyake vinne au vitano huachana na pamba nyeupe hutokeza.

Elimu hiyo ya homoni imetokana na pamba yenyewe zaidi ya inavyosemwa. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani, Liu na Carns, walipata katika maganda ya matumba yaliyokomaa dutu inayoharakisha kupukutika kwa sehemu za mmea. Miaka miwili baadaye kundi la Frederick Addicott huko California likapata dutu nyingine katika matumba machanga, ambayo leo huitwa asidi ya absisiki. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba katika kupukutisha, ethilini ndiyo yenye nguvu zaidi.

Mashamba ya Marekani yanayovunwa kwa mashine hupuliziwa ethefoni, dawa inayotoa ethilini, ili matumba yafunguke kwa pamoja. Imbo huvunwa kwa mkono: mchumaji hupita shambani zaidi ya mara moja, akichukua yaliyopasuka na kuyaacha mabichi. Ni kazi ya kuchosha, lakini huipa pamba usafi ambao mashine haiufikii kwa urahisi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bujumbura ilipata kiwanda chake cha nguo, COTEBU. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliyaumiza mashamba, na kiwanda kikafungwa katika miaka ya 2000. Mwaka 2010 kampuni ya Afritextile ilikichukua.