Liwali wa Kivu ya Kaskazini: nani anamchagua?

Watu wengi wa Mweso wanauliza: sisi wananchi tutapiga lini kura ya liwali? Jibu ni fupi: hatumpigie moja kwa moja. Katiba ya 2006, kifungu cha 198, inasema liwali na makamu wake wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, kwa miaka 5, na wanaweza kurudilia mara moja tu. Kisha raisi wa inchi anawasimika kwa kusaini ordonansi. Kura ya mwananchi ni ile ya mbunge wa jimbo. Ukikosa ile, umekosa na ya liwali.

2019: kiti bila mwenyewe

Julien Paluku aliongoza jimbo kutoka 2007 mpaka 2019. Muhula ulikuwa wa miaka 5, lakini uchaguzi ulichelewa, akafikisha miaka 12. Mwaka 2019 hakugombea tena. Kiti kilikuwa wazi, na wabunge wakamchagua Carly Nzanzu Kasivita, makamu wake akiwa Marie Lumoo Kahombo.

Nzanzu hakumaliza muhula. Mwezi wa 5, 2021, utawala wa kijeshi ulianza Kivu ya Kaskazini na Ituri. Serkali ya jimbo na bunge la jimbo vikasimamishwa. Tangu pale, liwali anateuliwa na raisi: Constant Ndima, kisha Peter Cirimwami tangu 2023, aliyeuawa vitani mwezi wa kwanza 2025, na nyuma yake Evariste Somo Kakule. Mjini Goma, M23 nayo ikaweka liwali wake, Bahati Musanga.

Masisi na Walikale si sawa

Tarehe 20 Desemba 2023, watu wa Walikale walichagua wabunge. Masisi na Rutshuru hapana, juu ya vita. Mwezi wa 4, 2024, majimbo mengi yalichagua maliwali wao. Kivu ya Kaskazini na Ituri zikabaki pembeni, juu ya utawala ule wa kijeshi.

Njo maana swali la kwanza kwa mtu wa Bashali si nani atagombea uliwali. Ni hili: wabunge wa Masisi watachaguliwa lini? Kama bunge la jimbo linarudilia kazi mbele ya kura ile, liwali atachaguliwa na wabunge wa Beni, Lubero, Walikale na kwengine, bila wabunge wapya wa Masisi.