Wanawake wa Buyenzi na Fedha Zao

Simulizi ya mikopo midogo huanzia Bangladesh: Muhammad Yunus, kijiji cha Jobra, mwaka 1976, dola 27 kwa watu 42. Ni habari njema. Ila ikisimuliwa Bujumbura bila nyongeza, utadhani akina mama wa huku walikaa mikono mitupu hadi miradi ilipowafikia.

Mwenye dhana hiyo asome makala ya mwanahistoria Nancy Rose Hunt, iliyotoka mwaka 1991 katika Journal of African History. Watu wa mikopo midogo ni nadra kuitaja. Inahusu kodi ambayo serikali ya Wabelgiji iliwatoza wanawake wa mjini wasio na waume, wajane na walioachwa wakiwemo. Kodi hiyo iliwaweka kundi moja na malaya. Katika miaka ya 1950, wanawake Waislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati ule, waliipinga waziwazi. Kisa hiki husomwa kama kisa cha heshima, na heshima kweli ilivunjwa: mjane mcha Mungu kuandikwa vile! Lakini mimi nakisoma pia kama ushahidi wa uchumi. Serikali haimtozi asiye na kitu.



Njia yao wenyewe ya kuzungusha fedha ni upatu, au kirimba kama wasemavyo Bujumbura. Lakini una kasoro moja: zamu huja kwa foleni, haingoji siku ndagala, yaani dagaa, zinaposhuka bei. Hapo ndipo mkopo unapofaa. Shirika la CARE lilianzisha vikundi vya kuweka na kukopa Maradi, Niger, mwaka 1991, kisha Burundi vikaitwa Nawe Nuze. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo wanazo wanawake watatu, kwa hiyo halifunguki ila kikaoni. Mwanachama hununua hisa, hukopa, hurudisha na riba, na riba hiyo hugawanywa kwao wenyewe mwisho wa mzunguko. Aliyekopa hununua gunia la ndagala kwa fedha taslimu. Haondoki tena na mali kauli kwa bei aliyoipanga tajiri.

Mkopo haukingi kila kitu. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea. Bidhaa ziliungua, deni likabaki.

Mwaka 2022 ilifunguliwa BIDF, benki ya uwekezaji na maendeleo ya wanawake. Lakini tatizo la zamani la mkopo wa benki ni dhamana. Mirathi ya ardhi Burundi bado inaendeshwa kwa mila, na shamba huenda kwa watoto wa kiume. Muuza mawese wa soko la Ruvumera anaweza kufanya biashara miaka ishirini bila kiwanja chenye jina lake. Benki inayotaka kumfikia huyo itabidi ikubali daftari la kirimba chake kuwa dhamana.