Ramani Zilizochorwa kwa Kusikia

Mwaka 1856, katika mji wa Gotha nchini Ujerumani, August Petermann alichapisha ramani ya Afrika Mashariki yenye ziwa moja kubwa kupita kiasi. Linaanzia karibu na ikweta, linanenepa tumbo, linajipinda, kisha linateremka hadi kupita nyuzi 12 kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300. Lilifanana na koa, yule konokono asiye na nyumba. Huko London, waungwana wa Royal Geographical Society walipoonyeshwa umbo hilo walitikisa vichwa na kucheka. Ramani ilitoka Rabai, nyuma ya Mombasa, kwa wamishonari Wajerumani Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefika kwenye maji hayo.

Nakala ya ramani hiyo naitazama nikiwa Mbotela, Eastlands ya Nairobi. Mtaa wetu uko upande wa kusini wa Jogoo Road, ambayo wazee bado huiita Doonholm Road, jirani na Makongeni. Una jina la Tom Mbotela, diwani wa Nairobi na makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Alitoka katika ukoo wa Freretown, ukoo mmoja na James Juma Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Freretown ni makazi ya watumwa waliokombolewa, yaliyoanzishwa na wamishonari huko Kisauni miaka ya 1870, na wengi waliotua pale walikuwa wametekwa bara ya mbali, upande wa Ziwa Nyasa. Ukilifuata jina la mtaa wetu hadi mizizi yake, kidole kinaishia kwenye mkia wa yule koa. Ndiyo maana siwezi kuicheka ramani ya Rabai.

Ilitengenezwa hivi. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa akiwahoji wafanyabiashara wa misafara na wapagazi. Waliozoea njia ya Kilwa walimwambia kwamba safari yao huishia ziwani. Wa Bagamoyo na Ujiji wakasema vivyo hivyo, na wa njia za kaskazini nao hawakusema tofauti. Erhardt akawaza: ikiwa kila njia inaishia majini, basi maji ni hayo hayo. Akaziunganisha fukwe zote kwa mstari mmoja. London wakacheka, lakini pia wakaingiwa na hamu, na mwaka huohuo wa 1856 Richard Burton na John Hanning Speke wakatumwa kwenda kuangalia. Februari 1858 walifika Tanganyika. Agosti mwaka huo Speke, akiwa peke yake, akaliona ziwa ambalo watu wa kule waliliita Nyanza. Koa akagawanyika vipande vitatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Wapagazi walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Tabia hii ya kugeuza maneno kuwa mstari ilikuwa na umri mkubwa tayari. Sisi Wakenya neno kaunti tumelizoea tangu Katiba ya 2010, lakini ramani za kaunti zilianza Uingereza zaidi ya miaka 400 iliyopita. Christopher Saxton alizunguka nchi ile akipima, na mwaka 1579 akatoa kitabu cha ramani 34 za kaunti za Uingereza na Wales. Miaka 30 na kitu baadaye John Speed akatoa zake, nyingi akiwa amezitohoa kwa waliomtangulia, ila akaongeza kitu kizuri: katika pembe za karatasi aliweka ramani ndogo za miji yenyewe, mitaa na kuta zake.

Zilichongwa kwenye bamba la shaba. Fundi alishika chuma chenye ncha kali akakisukuma mbele, kikichimba mfereji mwembamba kama unywele, na maandishi yote aliyachonga kinyumenyume ili yasomeke sawasawa karatasini. Wino ulipakwa juu ya bamba, ukafutwa ukabaki ndani ya mifereji tu, kisha karatasi yenye unyevunyevu ikakandamizwa juu yake kati ya magogo mawili ya kushindilia. Rangi ilipakwa baadaye kwa mkono, karatasi moja moja. Aliyewahi kumtazama fundi wa nakshi wa Lamu akiushughulikia ubao wa mlango ataelewa subira iliyohitajika, na ataelewa pia kwamba mkono wa fundi hutia mazoea yake katika kila umbo.

Mazoea hayo ndiyo yanayonivutia zaidi. Kwenye ramani za Saxton na Speed, kilima ni kichuguu. Mlima mrefu na kilima cha kawaida vinafanana: kinundu kinachotazamwa kwa ubavu, kimetiwa kivuli upande mmoja, kana kwamba jua halihami. Hakuna kinachoeleza kimo. Msitu ni miti michache iliyosimama mbalimbali. Mbuga ya mtu mkubwa imezungushiwa ua wa vijiti, na ua huo unaonekana wazi kuliko kijiji kilicho nje yake. Mji ni kikundi cha minara, na kijiji ni kanisa dogo lenye mnara mmoja. Watu walioishi kandokando, njia zao za kwenda kisimani na sokoni, hawakuwekewa alama. Hata barabara kuu hazimo, ingawa mito imechorwa kwa uangalifu mkubwa. Ramani ilimwonyesha malkia na matajiri kile walichomiliki, na njia walijua watauliza.

Barabara zilipata haki yao mwaka 1675, John Ogilby alipotoa kitabu cha karatasi 100 za njia kuu, kila njia ikiwa imechorwa kama utepe mrefu. Unasoma kutoka chini kwenda juu: hapa daraja, hapa njia panda, hapa mlima. Mlima wa kupanda ameuchora umesimama, na wa kushuka ameupindua kichwa chini. Kwa macho ya leo ni mchezo wa mtoto, lakini kwa anayetembea ni taarifa anayoihitaji, kwa sababu miguu haiulizi mlima una futi ngapi, inauliza kama tunapanda au tunashuka.

Shaba ilikuwa ghali, kwa hiyo bamba likishachongwa halikutupwa. Lilirithiwa na kuuzwa kutoka duka hadi duka. Mabamba ya Speed yaliendelea kutoa karatasi hadi karne ya 18. Kusahihisha kosa kulimaanisha kuligonga bamba kwa nyuma mpaka lisawazike, halafu kulichonga upya, na wengi hawakujisumbua. Afrika ililipia uvivu huo. Mwaka 1798 James Rennell alichora safu ya milima ya Kong ikikatiza Afrika Magharibi. Haikuwapo. Wachora ramani waliendelea kuinakili, kichuguu kwa kichuguu, karibu miaka 90, hadi Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita huko mwishoni mwa miaka ya 1880 akakuta nchi isiyo na safu kama hiyo.

Pwani yetu iliingia katika shaba mapema sana. Mwaka 1572, mjini Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu la kwanza la kitabu chao cha miji ya dunia. Katika karatasi moja wameweka Aden juu, na chini yake, bega kwa bega, Mombasa, Kilwa na Sofala. Nyumba zimebanana, minara imechomoza, vyombo viko majini. Hii ni Mombasa ya kabla ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ukikaza macho utaona kwamba paa na minara ina sura ya Ulaya kuliko ya Uswahilini, kwani fundi wa Cologne alichonga mji alioujua. Hata hivyo karatasi hiyo naipenda. Inakiri kwamba hapa palikuwa na miji ya mawe iliyopangika, iliyostahili kuwekwa kitabu kimoja na miji mikuu ya Ulaya. Ramani za baadaye zilisahau kukiri hivyo.

Bara yenyewe ilijazwa kwa mdomo. Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wa safari alikuwa Bwana Kheri. Mwaka 1849 Ludwig Krapf aliuona mlima mwingine akiwa Ukambani, alikokuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe. Jina la mlima alilipata kwa Wakamba, akaliandika kama sikio lake la Kijerumani lilivyolipokea, na kuanzia 1920 jina hilo likawa la koloni zima. London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliendelea kubisha kwamba theluji kwenye ikweta haiwezekani.

Wa kukumbukwa kuliko wote, kwangu, ni Sadi bin Ahedi. Alikuwa mtu wa karibu na Gazi, katika nchi ya Wadigo, aliyezunguka na misafara. Mmishonari Thomas Wakefield wa Ribe aliketi naye, na simulizi zake zikachapishwa mwaka 1870 katika jarida la Royal Geographical Society: njia baada ya njia, kambi baada ya kambi, palipo na maji na pasipo na maji, wenyeji wakarimu na wakali. Soma simulizi hizo na utamwona Ogilby na utepe wake. Shida ilikuwa kuzigeuza siku kuwa maili. Mpagazi aliyejitwika frasila mbili hatembei sawa na mtu mtupu, na siku ya masika si siku ya kiangazi. Mchora ramani aliyeketi mezani London alilazimika kukisia. E. G. Ravenstein alipoikusanya ramani yake kubwa ya karatasi 25 mwanzoni mwa miaka ya 1880, ilisimama juu ya makisio ya aina hiyo, na juu ya vichwa vya watu kama Sadi.

Nairobi haimo katika simulizi za miji ya wakati huo kwa sababu haikuwa mji. Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1883 akielekea Umaasaini, anakitaja Ngongo Bagas, kituo cha karibu na Ngong ambapo misafara ilinunua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai. Enkare Nairobi lilikuwa jina la maji, maji baridi. Reli ilifika mwisho wa Mei 1899, na mhandisi akapendezwa na uwanda usio na vichuguu vya kuchora, mahali pa kupanga mataruma kabla ya kupanda mlima. Kwenye karatasi ni nafasi nyeupe nzuri. Chini ya miguu ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na anayeishi Eastlands anaujua kwa viatu vyake. Udongo mwekundu wa vilima vya magharibi walijichukulia Wazungu.

Mgawanyo huo uliwekwa wino mwaka 1948 katika mpango mkuu wa jiji wa Thornton White, Silberman na Anderson, wataalamu watatu kutoka Afrika Kusini. Ni kazi nadhifu kuitazama: mitaa imegawanywa kwa vitongoji, kila kimoja na shule na uwanja wake, na makao ya Waafrika yakawekwa mashariki, jirani na viwanda na reli. Mbotela ilizaliwa miaka ya 1950 ndani ya mawazo hayo. Jina la diwani aliyeuawa likapewa laini za nyumba za baraza, kama jina la mwenzake Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953, lilivyopewa Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Ukiitazama mitaa hii kutoka juu ni mistari na miraba tu. Kanisa la Saxton limeondoka, tumebaki na paa. Kibanda cha mama mboga hakimo, wala fundi viatu, wala kichochoro kinachokupunguzia dakika tano kufika stejini.

Kibera ilikuwa na hali mbaya zaidi: hadi 2009, ramani rasmi ziliionyesha kama msitu. Mwaka huo vijana wa pale, chini ya mradi wa Map Kibera, walitembea vichochoro wakiwa na vifaa vya setilaiti mikononi wakaweka zahanati, shule, mabomba ya maji na vyoo, kimoja kimoja. Miaka michache baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu hadi mwisho wa kila njia na kurudi, na ikatoka ramani ya kwanza ya matatu za jiji, iliyochorwa kwa mistari ya rangi kama ya treni za London. Njia hizo zote zilikuwapo vichwani mwa makanga kwa miongo mingi.

Narudi Rabai. Rebmann aliishi kule karibu miaka 30. Mmoja wa watu aliokaa nao ni Salimini, Mnyasa aliyeletwa pwani utumwani, na kutoka kinywani mwake Rebmann aliandika kamusi ya lugha ya Kinyasa iliyochapishwa mwaka 1877. Salimini aliwahi kuliona ziwa. Huenda alilivuka, au alitembea kando yake, akafika baharini, na hapo Rabai akakaa na mtu aliyekuwa amelichora bila kuliona, akampa neno moja moja, la maji, la mto, la mlima, la nyumbani.