Nyumba Ni Yako, Ardhi Ni ya Nani? Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Nyumba Pwani

Kwengineko mnunuzi wa nyumba huanza kwa kuuliza bei. Sisi wa Pwani hatuna budi kuanza na swali jingine: nyumba hii imesimama juu ya ardhi ya nani? Wako watu Majengo, Kisauni, Likoni na Changamwe waliolipa pesa taslimu, wakapewa funguo na karatasi yenye sahihi za mashahidi, wakaishi miaka na wana wao, kisha siku moja akaja mtu na hatimiliki mkononi akawaambia wamejenga kwake. Nyumba ilikuwa yao kweli. Ardhi haikuwa yao.

Mpango huu twauita nyumba bila ardhi, na kwetu ni wa zamani. Kwa desturi ya Pwani na kwa fikihi, nyumba au minazi yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, kila mwezi au kila mwaka, na maisha yakaenda. Jambo hili lilizidi kukaza baada ya Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908, iliyotaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa Pwani apeleke dai lake liandikwe. Waliojua njia walipeleka. Wengi hawakupeleka, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Ndiyo maana hadi leo utakuta mtaa mzima wa nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, na hakuna hata mmoja mwenye hati ya pale alipo.

Je, nyumba kama hiyo isinunuliwe kabisa? Sisemi hivyo. Bei yake huwa chini sana kuliko ya nyumba yenye hati, na ukipangisha vyumba vinne ukakaa katika viwili, kodi yaweza kukulisha. Lakini nunua ukijua unachonunua. Mtafute mwenye ardhi mwenyewe, si mkusanyaji wa kodi peke yake, na hakikisha jina lake ndilo lililo katika rejista. Aandike kwamba amekukubali kuwa mwenye nyumba mpya, na risiti za kodi ya ardhi ziendelee kwa jina lako. Uliza kama ana deni la benki juu ya kiwanja hicho, maana akishindwa kulipa, benki itauza ardhi. Na ujue kwamba huwezi kuiweka nyumba hiyo rehani: benki haikopeshi juu ya ukuta usio na ardhi. Kwa hiyo hapa hununuliwa kwa pesa zako mwenyewe, na busara ni kutotia humo akiba yako yote. Njia bora, ikipatikana, ni wenye nyumba wa kiwanja kimoja kuungana na kumwendea mwenye ardhi wamnunulie, kisha kiwanja kigawanywe na kila mtu apate hati yake. Inachosha na ina vikao vingi, lakini yafanyika.

Sasa tuje kwenye nyumba yenye hati. Nakala ya hatimiliki anayokuonyesha dalali kwenye simu si kitu. Chukua nambari ya ploti, ukapige sachi katika ofisi ya ardhi au kupitia mtandao wa Ardhisasa pale ambapo rekodi zimeshaingizwa. Jibu litakwambia mwenye ploti ni nani, kama ina deni, na kama kuna zuio la mahakama. Ikiwa ploti ina kadi ya kijani, omba nakala yake iliyothibitishwa, kwani hiyo huonyesha ilikotoka mkono kwa mkono. Ardhi iliyobadilisha wenyewe mara tatu katika mwaka mmoja yataka maswali. Kisha mlipe mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka. Kwenye viwanja vya makazi ya maskwota vilivyogawiwa na serikali, uliza pia kama mkopo wa hazina ya makazi umeshalipwa wote, maana deni hilo hukaa juu ya hati hadi liondolewe.

Shamba la Kilifi, Kwale au upande wa Mazeras, kama bado limeandikwa kuwa ardhi ya kilimo, halihami bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu kuandikiana. Likikosa idhini, mapatano yenu ni bure mbele ya sheria. Mauzo yoyote ya ardhi sharti yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na yashuhudiwe. Mwenye kuuza akiwa ana mke, au wake, pata idhini yao kwa maandishi kabla ya pesa kutoka mkononi mwako.

Na kama ni nyumba ya wakfu, ondoka. Ya wakfu haiuzwi, hata anayeikaa akuapie vipi.

Nyumba za urithi ndizo zenye mambo. Babu amefariki miaka thelathini iliyopita, hati bado iko kwa jina lake, na mjukuu mmoja anakuuzia. Mjukuu huyo hana cha kuuza. Kwanza mirathi ifunguliwe, kwa Kadhi ikiwa wahusika ni Waislamu na wamekubali hivyo, warithi wote watajwe pamoja na mashangazi walioolewa Lamu na ami aliye Muscat, na wote watie sahihi. Mashangazi husahauliwa sana, nao ndio huja mahakamani baadaye, kwa haki yao.

Lakini mlango huu huu wa mirathi ndio ambao kwa wengi wetu unatoa nyumba nafuu kuliko zote, na watu wanaupita. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ikiwa mko ndugu sita katika nyumba ya baba, na wewe ndiye unayetaka kukaa pale, wanunulie wenzako mafungu yao. Fikihi yaijua njia hii, huitwa takharuji. Nyumba ipimwe thamani na mthamini aliyesajiliwa, si kwa kukisia, kila mmoja ahesabiwe fungu lake, na ulipe kwa mkupuo au kwa awamu mlizoandikiana. Tayari una fungu lako ndani, kwa hiyo hununui nyumba nzima. Hakuna dalali, na historia ya ardhi unaijua tangu utotoni. Ila isimalizwe kwa maneno ya barazani tu. Andikianeni, na hati ihamishwe.

Pesa zitoke wapi? Mikopo ya nyumba ya benki ni michache mno nchini, takriban 30,000 kwa nchi nzima kufikia mwisho wa 2023, na ukipiga hesabu utaona sababu. Shilingi 3,000,000 kwa riba ya asilimia 15 na miaka 20 ni kama 39,500 kila mwezi, na mwisho utakuwa umelipa karibu 9,500,000. Mkopo huo huo kwa asilimia 9 ni kama 27,000 kwa mwezi. Kwa hiyo ukienda benki au sako, uliza waziwazi kama wana mikopo inayopitia kampuni ya KMRC, ambayo hupewa fedha ili riba iwe chini ya asilimia 10. Kumbuka pia kwamba sheria ya kazi hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili za mshahara, na mkopo wa jokofu au wa bodaboda uko ndani ya hesabu hiyo.

Asiyetaka riba ana njia. Tangu 2008 nchini kuna benki zinazofanya kazi kwa Sharia, na baadhi ya benki za kawaida zimefungua madirisha yao. Katika musharaka ya kupungua, wewe na benki mnanunua nyumba pamoja, unalipa kodi ya fungu la benki, na kila mwezi unainunulia sehemu hadi ibaki yako pekee. Usione haya kuuliza maswali: kodi inapandishwa kwa kipimo gani, nani analipa bima, na faini ya kuchelewa inaenda wapi. Wakati mwingine malipo ya mwezi hayapishani sana na ya benki nyingine, kwa hiyo linganisha.

Wengi wetu, tuseme kweli, tutanunua kwa sako, kwa chama na kwa kujenga kidogo kidogo. Sako nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Mwenye pensheni ya kazini aulize pia: kanuni za 2020 zinaruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya mafao yake, yasizidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kukaa. Kuhusu nyumba za bei nafuu za serikali, makato ya asilimia 1.5 ya mshahara hayakupi nyumba. Lazima ujiandikishe mwenyewe katika Boma Yangu na uweke akiba ya amana.

Usisahau gharama zilizojificha nyuma ya bei. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na hulipwa na mnunuzi. Nyumba ya 4,000,000 kisiwani ina 160,000 za stempu peke yake, kabla ya wakili na mthamini. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 ya faida tangu 2023, ni ya muuzaji. Akikutupia wewe, hiyo ni bei mpya na uihesabu hivyo. Amana ya kawaida ni asilimia 10, nayo ikae kwa wakili hadi uhamisho ukamilike, isiingie mfukoni mwa muuzaji. Ukinunua fleti, uliza kama ina hati yake chini ya Sheria ya Majengo ya Sehemu ya 2020.

Mume na mke wanaonunua pamoja wachague vizuri namna ya kuandikwa. Mkiandikwa umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifa aliyebaki huchukua yote na mirathi haiingii. Mkitaka watoto na wazazi wapate mafungu yao, andikeni umiliki wa hisa, kila mmoja na kiasi chake. Mawakili wengi hawaulizi, hujaza tu.

Mwisho, nenda ukaione nyumba mara tatu: jua likiwa kali, usiku, na siku ya mvua kubwa. Onja maji ya kisima. Kama ni ng'ambo ya Likoni, vuka na feri saa moja asubuhi pamoja na wanaokwenda kazini, au upite Dongo Kundu uhesabu nauli. Waulize majirani, hasa muuza duka wa pembeni, nani amekuwa akikusanya kodi pale.