VITO VYA BIBI ZETU: AKIBA YA KABLA YA KIKUNDI



Tunapotimiza miaka kumi, wapo watakaosema akina mama wa Kibaha na Kisarawe wamejifunza kuweka akiba juzi tu. Sivyo. Bibi zetu walikuwa na akiba, ila hawakuiandika daftarini. Waliivaa.

Tuanze na shanga. Zilitoka mbali, Venice na Bohemia, zikashushwa Unguja na Bagamoyo, kisha zikaingia bara na misafara. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alipita Uzaramo kufuata bonde la Ruvu, mto wetu huu huu, akaandika majina ya shanga zilizopendwa. Nyekundu ziliitwa samesame, na kwa utani "kivunja mji", kwa vile wanawake walivyozihangaikia. Tena hazikuwa pambo tu. Zilinunua chakula na kulipa hongo njiani.

Vito vya fedha navyo vilitokana na reale. Ile yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria imeandikwa 1780, hata kama ilipigwa miaka mia baadaye. Uzito wake ni gramu 28, na zaidi ya sehemu nane katika kumi ni fedha halisi. Sonara aliyeyusha reale akafua vikuku, bangili na mikufu. Mwenye kikuku alitembea na benki mguuni! Ikija njaa au msiba, anakiweka rehani. Mambo yakitengemaa, anakikomboa. Je, hiyo na mikopo yetu tofauti yake kubwa?

Baadaye hela ikabadilika. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha, na zilizopigwa tangu 1948 hazina fedha kabisa. Ndiyo maana vikuku vya zamani vina thamani yake.

Siku hizi wapo wenzetu wanaopenda kukusanya vito hivi na kuvitengeneza upya. Kazi ina maarifa yake. Kabla hujakata uzi uliooza, piga picha au andika mpangilio wa shanga. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usizisugue kwa mchanga, kisha zitunge kwa uzi imara. Samesame za kale utazijua: juu nyekundu, ndani nyeupe. Fedha iliyokuwa nyeusi haijaoza. Ni hewa tu, kitambaa laini kitaing'arisha.

Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, utunda ni siri ya mwenyewe. Tusiugeuze mkufu wa shingoni kabla ya kumwuliza bibi aliyeuvaa. Pili, kuna wanunuzi wanaopita na mizani. Wao hulipa kwa gramu, wakayeyusha, na kazi ya sonara inapotea palepale. Na baba asiuze kidani cha mama kwa kuwa yeye ni mwenye nyumba: Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali yake na kuiuza.

Basi kila mwanachama aulize nyumbani kwake kuna nini sandukuni, kilikuwa cha nani, kilipatikanaje, akiandike. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari sasa tunalo.