Matrisi Ndiyo Swali: Hoja Kuhusu Spektra za Grafu

Utangulizi

Mwaka 1966 mwanahisabati Mark Kac aliuliza kama mtu anaweza kulitambua umbo la ngoma kwa kuisikiliza tu. Mwaka 1992 Carolyn Gordon, David Webb na Scott Wolpert walijibu kuwa haiwezekani: walionyesha maumbo mawili tofauti yenye sauti zile zile. Nadharia ya spektra za grafu ina swali pacha: je, orodha ya thamani aigeni za mtandao inatosha kuutambulisha mtandao huo? Hapa pia jibu ni hapana, nalo limejulikana tangu Lothar Collatz na Ulrich Sinogowitz walipochapisha kazi yao mwaka 1957.

Wengi huliona jibu hilo kuwa kasoro ya spektra. Makala hii inadai kuwa ni fundisho. Thamani aigeni hujibu kile ambacho matrisi, yaani jedwali la namba linaloeleza miunganiko ya mtandao, imeuliza, basi anayechukua matrisi kwa mazoea amekwisha kuuliza swali asilolijua.

Mitandao miwili, spektra moja

Grafu, kwa maana inayotumika hapa, ni kama wavu: mafundo yaliyounganishwa kwa nyuzi. Lipe kila fundo namba. Matrisi ya ujirani huiondoa namba ya fundo na kuweka mahali pake jumla ya namba za majirani zake. Ikitokea namba zote zimezidishwa kwa kiasi kimoja, kiasi hicho ni thamani aigeni. Orodha kamili ya thamani hizo ndiyo spektra.

Tuchukue mafundo matano na nyuzi nne. Katika mtandao wa kwanza, fundo la katikati limeungana na mengine manne, mfano wa nyota. Lipe la katikati 2 na kila la pembeni 1. La katikati litapata 4, na kila la pembeni litapata 2. Namba zote zimezidishwa mara 2. Katika mtandao wa pili, mafundo manne yameungana kuwa mraba na la tano limeachwa peke yake. Yape ya mraba 1 na la pekee 0. Kila fundo la mraba litapata 2, na la pekee litabaki na 0, hivyo thamani ni 2 tena. Ukikamilisha hesabu, mitandao yote miwili ina spektra ile ile: 2, 0, 0, 0, −2.

Jambo hili si dogo. Mtandao mmoja umeshikamana, mwingine umekatika vipande viwili, na matrisi ya ujirani haioni tofauti. Kama mafundo hayo yangekuwa vituo vya umeme, kimoja kingekuwa gizani na spektra isingesema neno.

Sasa tubadilishe matrisi. Matrisi ya Laplace huzidisha namba ya fundo kwa idadi ya nyuzi zake, kisha hutoa jumla ya namba za majirani. Nyota inatoa 0, 1, 1, 1, 5. Mraba na fundo lake la pekee vinatoa 0, 0, 2, 2, 4. Idadi ya sifuri ni idadi ya vipande. Nyuzi hazikuguswa; kilichobadilika ni swali.

Kila matrisi na kazi yake

Miroslav Fiedler wa Prague alionyesha mwaka 1973 kuwa thamani ya pili kutoka chini katika spektra ya Laplace hupima jinsi mtandao ulivyoshikamana. Kwa nyota yetu ni 1. Mafundo hayo hayo matano yakipangwa mstari mmoja, yakiwa bado na nyuzi nne, thamani hushuka hadi 0.382 hivi. Thamani hiyo ndiyo inayotawala hatua ya mwisho ya kusawazika kwa joto linalosambaa katika mtandao, ndiyo maana mstari huchelewa kuliko nyota.

Je, basi tuitupe matrisi ya ujirani? La. Mwaka 1931 Erich Hückel alieleza uimara wa benzini kwa hesabu ambayo leo tunaitambua kuwa spektra ya ujirani ya duara la kaboni sita: 2, 1, 1, −1, −1, −2. Elektroni sita zikikaa mbili mbili katika ngazi tatu za kwanza, jumla ni 8. Vifungo maradufu vitatu vilivyotengana vingetoa 6. Ziada ya 2 ndiyo uimara wenyewe. Tena spektra ya ujirani hufichua kama mafundo yanaweza kugawanywa makundi mawili ambamo kila uzi huvuka kutoka kundi hadi kundi, jambo ambalo spektra ya Laplace peke yake haiwezi kulithibitisha.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kuwa uchaguzi wa matrisi ni muhimu ni wa mwaka 2019. Hao Huang alithibitisha kuwa katika mchemraba wa vipimo n, ukichagua zaidi ya nusu ya mafundo, lazima moja kati ya yaliyochaguliwa liwe na angalau majirani √n waliochaguliwa pia. Dhana iliyotegemea jambo hilo ilikuwa imewashinda wataalamu kwa takriban miaka 30. Katika matrisi ya ujirani, Huang aliziwekea baadhi ya nyuzi alama ya kutoa, na spektra yote ikabaki na thamani mbili tu, √n na −√n. Kutoka hapo uthibitisho ukawa wa kurasa chache.

Pingamizi

Yupo atakayesema tutafute matrisi moja itakayotambulisha kila grafu. Allen Schwenk alionyesha mwaka 1973 kuwa karibu miti yote, yaani grafu zilizoshikamana zisizo na mzunguko, ina mwenzake wa spektra moja ya ujirani. Willem Haemers anakisia kinyume chake kwa grafu kwa jumla, na dai hilo halijathibitishwa. Lakini hata likithibitishwa, litahusu grafu zilizo nyingi. Mhandisi ana grafu moja mkononi, na anataka kujua itakatikia wapi.

Hitimisho

Kwa hiyo kila utafiti unaotumia spektra, uwe wa kemia, wa umeme au wa mitandao ya watu, useme waziwazi ni matrisi gani imetumika na kwa nini. Sentensi hiyo moja humpa msomaji uwezo wa kupima kama jibu linalingana na swali. Isipokuwepo, sifuri ya pili ya Laplace, ambayo ingetuonya kuwa fundo la tano liko peke yake, haitatafutwa na mtu.