Ganzi na Mkojo: Dalili Mbili Zilizotenganishwa Mikindani

Mikindani inayozungumziwa hapa si ile ya Mtwara, alikoanzia Livingstone safari yake ya mwisho mwaka 1866. Ni hii ya Mombasa bara, ukishavuka Changamwe kuelekea Jomvu, mtaa uliokuzwa na reli iliyoanza kutandazwa 1896, na bandari ya Kilindini, kisha na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa Changamwe 1963. Tiba iliyowafuata wafanyakazi wa huku ilijengwa kupambana na maradhi ya kuambukiza na kumrudisha mtu kazini upesi. Mtu anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na ambaye vidole vya miguu vimeanza kufa ganzi, huambiwa siku hizi kwamba amechelewa kupima kisukari kwa kutojua. Nadhani lawama hiyo imekosea njia. Tiba yenyewe, kwa miongo mingi, ndiyo iliyomfundisha kuzisoma dalili hizo mbili mbalimbali.

Tuanze na mkojo. Pwani, shida ya mkojo ilikuwa na majina yake tayari: kichocho kwa watoto waliooga mabwawani, kisonono kwa vijana wa bandarini, na uzee kwa waliobaki. Ganzi nayo ilikuwa na ya kwake. Kwanza ilikuwa ukoma, na wahudumu wa afya walifundishwa kutafuta baka lisilo na hisi. Baadaye ikajulikana kuwa dawa moja ya kifua kikuu, isoniazidi, huweza kuleta ganzi miguuni, na ARV za mwanzo zilizokuwa na stavudini pia, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2009 dawa hiyo iachwe polepole. Kila gonjwa lenye mradi lilikuwa na daftari lake na siku yake ya kliniki. Kisukari hakikuwa na daftari. Mkakati wa kwanza wa taifa kukihusu ulikuwa wa 2010 hadi 2015. Ajabu ni kwamba hata kipimo cha mguu wa mwenye kisukari kilipitia kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, alionyesha kuwa vidonda vya miguu yao hutokana na kukosa maumivu: mtu hukanyaga msumari akaendelea na safari. Baadaye akahamia Carville, Marekani, na huko ndiko uzi mgumu wa nailoni ulikotumika sana kupima hisi. Mgonjwa hufumba macho, uzi hugusishwa chini ya kidole gumba cha mguu hadi upinde kwa nguvu ya gramu 10, naye aseme kama amesikia. Asiposikia, mguu huo hauna mlinzi, na hata ndara ikimvuka njiani hatajua.

Kuna watakaosema ugonjwa wenyewe haukuwapo. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya 1929 na baadaye akahamia Uganda, aliandika kitabu kizima mwaka 1960 juu ya maradhi yasiyoambukiza Afrika, na akayaona mengi kuwa nadra. Nakubali kwamba kisukari kilikuwa kichache kuliko leo. Lakini nadra si sawa na kutokuwapo, na hesabu hufuata mahali vipimo vilipo. Vitabu vya kale vya tiba ya Kihindi vilikwisha kutaja mkojo unaovuta sisimizi, na insulini ilianza kutumika 1922. Lakini ujuzi huo haukumfikia kila mtu: kisiwani Mombasa, jamii za Waasia zilijijengea hospitali zao, Aga Khan mwaka 1944 na Pandya 1947. Mfanyakazi wa Mikindani, tena katika ukoloni uliogawa hata vitanda vya wagonjwa kwa rangi, alikuwa bara, ng'ambo ya tuta la Makupa. Hata baada ya nusu karne ya uhuru, uchunguzi wa taifa wa 2015 ulikuta karibu watu tisa kati ya kumi hawajawahi kupimwa sukari. Hapo huwezi kumlaumu mganga wa kienyeji peke yake kwa kuwachelewesha wagonjwa. Ni kweli wapo wanaoambiwa wamekanyaga kitu walichotegewa, wakafanyiwa zinguo na kunyweshwa kombe, na miezi ikapita. Ila wengi huchanganya kombe na vidonge bila kuona ugomvi, na mganga hakuwahi kumfungia mtu mlango wa zahanati.

Pingamizi zito zaidi linatoka Mikindani yenyewe. Kijijini Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichoanza 2007 na kufungwa 2014, kiliwatia watu sumu ya risasi, na risasi huharibu neva. Mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Je, aliyeishi karibu na ukuta wa kiwanda hicho na sasa hasikii vidole vyake, si halali ashuku kiwanda kwanza? Ni halali, na apimwe risasi. Lakini kwa kawaida risasi haimwachi mtu na kiu isiyokatika na safari za chooni usiku kucha. Ganzi ikiandamana na hayo, sukari ipimwe siku hiyo hiyo, hata kama jibu la risasi bado halijarudi, kwa sababu mwili mmoja unaweza kubeba yote mawili.